Mkwe Wangu Nondo na Nyumba ya Televisheni

Siku mkwe wangu alipokuja kumposa binti yangu, jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kabisa. Limevimba, limekuwa jeusi, chozi linatiririka lenyewe. Nikamuuliza, "Baba, nani kakufanya hivi?" Akainamisha kichwa akasema, "Mama, yeye yuko hospitali." Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anavyotaja ugonjwa wa ukoo. Nikamtazama binti yangu, binti yangu akatazama mkeka, nikajua posa hiyo nitaipokea tu. Msichana akishapenda, mama hubaki shahidi.

Watu walimwita Nondo, na jina alilopewa na wazazi wake nadhani hata yeye alikuwa analikumbuka kwa shida. Alikuwa baunsa wa baa moja kubwa. Kazi yake ilikuwa kuwatoa nje waliokataa kutoka, na aliifanya vizuri mno. Kwangu mimi hakuwa na neno. Akija nyumbani anakaa kiti cha karibu na mlango, haniangalii usoni, soda anaipokea kwa mikono miwili. Ukimwona hivyo utasema huyu hawezi kuua mbu. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko akili yake, na hapo ndipo balaa lilipokaa.

Mwenye nyumba wao wa kwanza aliingia chumbani kwao bila kubisha hodi, binti yangu akiwa na kanga moja tu kifuani. Nondo alimtoa nje kupitia dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Katika nyumba ya pili kulikuwa na jirani aliyempiga mkewe kila akilewa. Nondo alimburuta mpaka uani, akamsugua uso kwenye sakafu ya saruji mpaka nyusi zikabaki pale chini, na mke yule yule aliyetetewa ndiye aliyekimbia kuita polisi. Kila mara ilikuwa hivyo: watu wanapelekwa hospitali, virago vya binti yangu vinatupwa nje. Godoro lao nimelibeba mara nyingi kuliko nilivyobeba wajukuu, na mjukuu mpaka leo sina.

Kisha akaja kinyozi wa mtaani. Kijana wa watu, mdomo wake tu ndio ulikuwa hauna breki. Alimtupia binti yangu neno la kipuuzi akiwa anapita, na Nondo akampiga kofi moja la sikio. Moja tu. Damu ikamtoka sikioni, ikamchuruzika mpaka kwenye kola, na sikio lile likafa. Baada ya hapo kila ukimsalimia yule kinyozi, anakugeuzia upande wa pili wa kichwa ili akusikie. Binti yangu alipomwona akigeuza kichwa hivyo kwa mara ya kwanza, alirudi ndani akaanza kukunja nguo zake.

Nilikuwepo. Alisema bila kupaza sauti: "Nondo, mkono huo ukimgusa mtu tena, mimi na wewe basi. Awe mwizi, awe mlevi, awe shetani mwenyewe. Basi."

Nondo akapiga magoti. Mwili wote ule, magotini, mbele ya mama mkwe. Akaapa.

Na aliyekuwa hamwamini nilikuwa mimi. Mimi mwenyewe hasira ninazo, nazijua, haziapishwi zikaapa. Lakini yule mtoto alinishangaza. Aliacha baa, akaingia kwenye kikosi cha kubomoa majengo mabovu. Kutwa nzima anapiga kuta kwa nyundo, jioni anarudi kope zimejaa vumbi, anakula, analala. Mtu akimchokoza, anakaa chini palepale alipo, anaikalia mikono yake yote miwili, anasubiri. Nimemwona akifanya hivyo sokoni, katikati ya njia, muuza viatu akimtukana mpaka matusi yakamwishia. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Tatizo ni kwamba sifa mbaya ina miguu. Kila alikokwenda kuuliza chumba cha kupanga, wenye nyumba walikuwa wameshaambiana. Ndipo wakaanza kuwaza nyumba yao wenyewe, mahali ambapo hakuna wa kuwatupia virago nje. Binti yangu ni msusi, anasuka tangu asubuhi mpaka vidole vinakakamaa. Waliweka, wakajinyima, wakaweka. Siku moja Nondo akaniambia, macho yake kwenye kizingiti, "Mama, na wewe utakuwa na chumba chako. Chumba hicho kitakuwa na mlango wake wa nje, usione haya kukaa na mkweo." Nikajifanya nakohoa nikaingia jikoni. Sikutaka anione machozi.

Kulikuwa na kipindi cha televisheni kinachoitwa Ufunguo wa Kwanza. Kila wiki wanaonyeshwa watu wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza: wanazungushwa nyumba tatu, wanachagua moja, wanabomoa ukuta mbele ya kamera, wanajengewa jiko jipya, wanapewa ufunguo, wanalia, kipindi kinaisha. Jambo kubwa lilikuwa hili: wenye kipindi wanakudhamini kwa muuzaji, naye anakubali umlipe kidogo kidogo. Bila dhamana hiyo, akina sisi tungeona nyumba za wenzetu tu. Binti yangu akatuma picha yao wawili. Wakachaguliwa.

Hapo ndipo nilipoijua televisheni. Nyumba walikuwa wameshaichagua zamani: vyumba vitatu, jiko dogo lenye sinki la chuma, ua wa kuanikia nguo. Lakini walipelekwa kuona nyumba nyingine mbili, wakaambiwa wakune vichwa kana kwamba wanashindwa kuamua. Walifunguliwa mlango wa nyumba waliyokuwa wameshaingia wiki iliyopita, wakaambiwa washangae. Mwongozaji alikuwa kijana mwembamba, raba nyeupe, kofia kaigeuza nyuma. Sisi tulimwita Tena, maana ndilo neno lake. Ukifungua mlango: "Tena!" Ukitabasamu: "Tena, kwa furaha!" Nondo alitabasamu mpaka mashavu yakamcheza, na bado lilikuwa tabasamu la mtu anayeng'olewa jino.

Siku ya kwanza kabisa Tena aliwaambia jambo moja, na nilisikia kwa masikio yangu. "Tunajua historia yako, bwana. Ukimpiga mtu kwenye kazi yetu, dhamana imekufa na nyumba imekwenda." Nondo akajibu, "Nimeelewa, kaka." Kwa hiyo ngumi moja ingebeba nyumba na mke kwa pamoja. Alijua, tulijua, na Tena alijua.

Lakini yule kijana alikuwa anachoka na sisi. Mkwe wangu kila akiulizwa anasema "sawa". Jiko hili umelipenda? Sawa. Chumba si kidogo? Sawa. Nilimsikia Tena akimnong'oneza mwenye kamera, "Watu watalala na taa zikiwaka." Na baadaye dereva wao alituambia kwamba walikuwa na video ya zamani ya Nondo akiwa baunsa, anampigiza mtu kwenye mlango wa gari, na kwamba walikuwa wanaitazama kwenye simu wakati wa kula.

Siku ya mwisho ilikuwa ya kubomoa ukuta wa jiko. Makopo ya rangi nyeupe yamepangwa sakafuni, mazito, yale yenye mshikio wa waya. Tena akampeleka binti yangu chumba cha nyuma akasubiri kuhojiwa peke yake, mlango ukafungwa. Akaambiwa akisikia makelele asitoke, ni maigizo. Jikoni tukabaki Nondo, mimi, Tena, mwenye kamera, na mtu mmoja aliyeingia muda huo kavaa suti. Mpaka leo jina lake silitaki. Nitamwita Suti.

"Huyu ni mnunuzi mwenzako," Tena akamwambia Nondo. "Ameongeza dau, anaitaka nyumba yako. Mtagombana kidogo. Yeye atakusukuma, wewe utamsukuma. Kidogo tu."

"Mimi sisukumi mtu, kaka."

"Ni maigizo, bwana! Mimi ndiye nakuruhusu."

"Sisukumi mtu."

Tena akacheka. "Haya. Twende."

Suti akamsukuma kifuani. Nondo akarudi nyuma hatua moja, mikono chini. "Tena!" Akasukumwa tena, kwa nguvu zaidi, mgongo ukagonga ukuta. "Tena, na matusi!" Suti akaanza kumtukana. Alimwita mbwa wa baa. Alimwambia watu wa aina yake nyumba yao ni jela. Mwenye kamera akasogea mpaka karibu na pua ya mkwe wangu. Nondo akasema, polepole, "Sawa."

"Sawa!" Tena akakipiga kiti teke. "Sawa, sawa, sawa! Mpige kofi!"

Kofi lile lilisikika. Nilimwona Suti akiutazama mkono wake kwa mshangao, kwa sababu nadhani hakuwahi kumpiga mtu mkubwa kiasi hicho bila kurudishiwa. Na nikaona jambo jingine baya zaidi: aliona raha. Mtu muoga akigundua kwamba anayempiga hatarudisha, Mungu atuepushe naye. La pili lilipasua mdomo. La tatu alilipiga kwa ngumi. Damu ikamwagika kwenye fulana mpya waliyompa wenyewe wavae wakifanana, yeye na mkewe. Nondo akaketi chini sakafuni, akaikalia mikono yake.

Nikasema, "Nyie! Mnamuua mtoto wa watu! Nondo, inuka tuondoke."

"Mama, bado kidogo tu," akasema. Meno yake yalikuwa mekundu. "Wakimaliza, wanatupa ufunguo."

Tena akamwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia tena. Akamwendea Suti akamnong'oneza. Nilijua kabla hajageuka. Alimwona Nondo akinipisha, akinisogezea kiti, akinisemesha macho chini, basi akajua pa kumgusa.

Suti akanijia. "Na hili zee nalo linakaa wapi? Bafuni?" Nikamtemea mate. Ndiyo, nilimtemea, usoni, na ningekuwa na zaidi ningetema zaidi. Akanisukuma kwa mikono miwili. Niliteleza, na kona ya sinki ikanipokea kichwani, hapa juu ya sikio. Nilisikia mlio ndani ya fuvu, kisha nikaona miguu ya watu, kisha damu yangu mwenyewe ikitafuta njia kwenye vigae.

Nilipiga kelele moja. Nilitazama juu, na nikamwona Nondo amesimama.

Nilimwona mtu yule aliyemtoa mwenye nyumba kupitia kioo. Shingo imejaa, ngumi zimefungwa. Kamera imemwelekea. Tena amejibana ukutani, anatabasamu, anasubiri. Suti akarudi nyuma, rangi imemtoka, na mimi, Mungu anisamehe, nilisema moyoni: mpige. Mwache binti yangu aondoke, iache nyumba iende, mpige tu.

Nondo akapiga magoti. Akavua fulana, akaikunja, akanibana jeraha. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kunigusa. "Mama, umeumia? Mama, nitazame." Alikuwa analia kwa sauti, kamasi na damu vimechanganyika, na mikono ile iliyovunja watu ilikuwa imenishika kichwa taratibu mno. Na Suti alipoona kwamba kweli hapigwi, ujasiri ukamrudi. Akamzibua kofi la kisogoni. Akaongeza teke la mbavu. "Endelea," akasema Tena.

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka.

Binti yangu ni mfupi. Ukimweka kando ya Nondo utadhani ni mwanawe. Alisimama mlangoni akaona: mama yake chini, damu kwenye vigae, mumewe kapiga magoti, mtu mwenye suti ameinua mguu. Hakuuliza. Aliinama, akashika kopo la rangi kwa waya wake, akalizungusha kwa mikono yote miwili.

Lilimpata tayani. Sauti yake sijawahi kuisikia tena wala sitaki. Kifuniko kiliruka, rangi ikarukia kuta, dari, kamera, na Suti akaanguka chali. Binti yangu akamfuata chini. Akalishusha usoni. Akalishusha tena. Kimya kabisa, hata pumzi sikuisikia, anafanya kama mtu anayetwanga. Rangi nyeupe iligeuka ya waridi, kisha nyekundu. Tena alikimbia. Mwenye kamera alikimbia. Nondo ndiye aliyemrukia mkewe, akauweka mkono wake kati, na pigo lililofuata likatua kwenye mkono huo, mfupa ukalia. Hakumwachia. Alimkumbatia kwa nyuma, akamwinua juu mpaka miguu yake ikawa inapiga hewa. "Basi," alikuwa anamwambia. "Basi, mke wangu. Basi, basi."

Alipotulia, Nondo akamvua kopo vidoleni kwa mkono mmoja ulio mzima. Akamfuta viganja kwa fulana ile ile iliyokuwa na damu yangu. Akakishika kile kipini cha waya mwenyewe, akakishika vizuri, akaketi.

Polisi walipoingia hakusubiri swali. "Nimempiga mimi."

Wakamtazama: mwili ule, damu ile, kopo mkononi. Mmoja wao alimkumbuka tangu enzi za baa. Wala hawakutuuliza wengine. Tena akarudi ndani, kofia mkononi, akathibitisha: ndiyo, ni huyu, ghafla tu, na bahati mbaya kamera haikuwa inarekodi. Nilifungua mdomo. Nondo akaniangalia usoni, machoni kabisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aliponijua, akatikisa kichwa. Nikaufunga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yule pale aliyeketi kwenye kona, mikono imelegea, alikuwa wangu.

Suti hakufa. Taya lilifungwa kwa waya, na jicho moja halikupona.

Siku chache baadaye Tena akaja nyumbani kwangu na muuzaji, kamera ndogo begani. Kumbe kamera ilikuwa inarekodi, na kilichomtisha ni kile kilichokuwa ndani yake, sauti yake mwenyewe ikisema mpige kofi, endelea. Akasema dhamana ipo palepale, muuzaji ametia sahihi, sisi tutulie tu. Walihitaji kitu kimoja: mke apokee ufunguo mlangoni, afurahi kidogo, kipindi kipate mwisho. Tukaenda. Binti yangu akasimama mbele ya mlango wake mpya, akawekewa ufunguo kiganjani.

"Tabasamu," Tena akasema. Akatabasamu.

"Tena."

Binti yangu akanipa ufunguo, akageuka, akaanza kutembea. Nilimkimbilia nikiwa na bandeji kichwani. Hakunisikiliza mpaka tulipofika kituo cha polisi.

Askari wa kaunta alikuwa mtu mnene, kijiti mdomoni, anachokonoa meno. "Yule mtu wa nyumba ya televisheni nilimpiga mimi," binti yangu akamwambia. "Mume wangu hakumgusa. Mfungulieni."

Askari akamtazama toka chini mpaka juu akacheka. Akamwita mwenzake aje asikie. "Dada, mumeo keshakiri. Na sifa zake tunazijua. Nenda nyumbani kapumzike."

"Nimesema ni mimi."

"Wewe?" Akaunyanyua mkono wa binti yangu, akaugeuza kiganja juu kama anayenunua samaki. "Huu? Huu ni wa kusuka nywele, mama. Taya la mwanaume—"

Hakumaliza. Ngumi ile sikuiona ikienda, niliona tu pua ikilala upande na damu ikirukia kaunta. Askari akashika uso, akarudi nyuma akaanguka na kiti chake. Wakamrukia watatu. Walimbamiza ukutani, wakamkunja mikono, mmoja akamzibua kofi, na yeye kichwa kikiwa kimebanwa ukutani anasema, "Sasa mnaamini? Sasa mnaamini?"

Nondo alikuwa mahabusu, nyuma ya nondo za mlango wa chuma mwisho wa ukumbi, na aliona yote. Mkono wake uliovunjika ulikuwa umefungwa kitambaa. Kwa ule mzima alikuwa ameshika chuma, na alikuwa akikitikisa mpaka vumbi la ukuta likawa linaanguka. Kisha akaacha. Aliegemeza paji la uso pale, akamtazama mkewe wakimvisha pingu.

"Nilitaka ulale ndani ya nyumba yako," akamwambia. "Usiku mmoja tu. Mke wangu, si bora tungebaki wapangaji?"

Binti yangu alicheka. Alicheka mpaka akateleza ukutani hadi chini, kisha kicheko kikageuka kilio, na wale askari wakawa hawajui wamwinue au wamwache. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na ufunguo mkononi, na hakuna aliyekuja kuuchukua.